Capitoline Akataa Ndoo

Kila asubuhi Capitoline aliamka kabla ya jogoo. Aliketi kitandani, akatafuta kandambili kwa vidole vya miguu, akafunga kitenge kiunoni. Kisha akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Hapo hasira ilimpanda, na jua bado halijachomoza.

Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya msingi huko Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hakuwa mpishi wa sufuria mbili tatu. Alipika uji, ugali na maharagwe ya shule nzima. Alipasua kuni. Alibeba maji. Alikoroga uji kwa mwiko mrefu kama mtoto wa darasa la pili, huku moshi ukimtoa machozi. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, akipanda mlima na kuimba nyimbo za kanisani. Usiku alilala kama gogo.

Kisha akafikisha miaka sitini. Shirika lililowalipa wapishi lilikuwa na sheria yake: ukifika umri huo, unastaafu. Shule ikamfanyia sherehe. Soda zilifunguliwa. Watoto waliimba. Mwishoni walimletea zawadi, kiti cha mbao chenye mikono na mto mwekundu.

"Mama Capitoline," mwalimu mkuu alisema, "umesimama vya kutosha. Sasa ukae."

Watu walipiga makofi. Capitoline alishukuru, lakini meno yake yalikuwa yameumana.

Na kukaa, alikaa. Nyumbani aliishi na mwanawe Emery, aliyeuza vipuri vya baiskeli sokoni Misiera, na mke wa Emery aliyeitwa Vestine. Vestine alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na kazi za nyumba nzima mikononi. Hata hivyo, hakumwachia mama mkwe wake hata kijiko. Kwa Warundi wenzao, mwanamke anayemwacha mama mkwe mzee afagie atasemwa kisimani mpaka masikio yawake. Vestine aliogopa ulimi wa majirani kuliko radi.

"Lete huo ufagio," Capitoline alisema.

"Hapana, Mama. Kaa."

"Nimekaa tangu jana!"

"Kaa na leo, Mama. Watu wananiona."

Emery naye alikuwa vilevile. Jioni aliporudi kutoka Misiera, alimkuta mama yake kwenye kiti, akatabasamu kama mtu aliyejenga ghorofa.

"Umetulea kwa jasho, Mama. Sasa kula jasho lako."

"Jasho haliliki, Emery. Nipe kazi."

"Kazi yako ni kupumzika."

Jirani yao Chantal, Mkongomani kutoka upande wa Uvira, alipita kila siku kuja kuhakikisha kwamba kiti kiko mahali pake. Kwake yeye, kile kiti kilikuwa kama cha mfalme.

"Mama Emery, uko na bahati mingi!" alisema. "Batoto bako banakuheshimu. Mimi bangu, nikianguka, batapita juu yangu."

"Chukua hicho kiti, nenda nacho," Capitoline alijibu.

"Eh, mama! Unatukana baraka?"

Miezi ikapita. Mwili wa Capitoline ukaanza kubadilika, na hakuna aliyemwambia ni kwa nini. Kwa kuwa alisinzia mchana kutwa, usiku usingizi ulimkimbia. Kwa kuwa hakuchoka, chakula hakikuwa na ladha. Magoti yalikakamaa. Akienda kanisani, mlima uleule aliokuwa akiupanda kwa wimbo sasa ulimkata pumzi. Alimkaripia Vestine kwa chumvi, Emery kwa viatu, mtoto kwa kulia, jogoo kwa kuwika.

"Ni uzee," Emery alimwambia mke wake. "Tumwache apumzike zaidi."

Alikosea. Lakini endelea kusoma, utaona jinsi kosa hilo lilivyozaa kosa jingine.

Siku moja ya mvua Capitoline alikwenda chooni. Choo chao kilikuwa cha shimo, nyuma ya nyumba, kama vyoo vya wengine wote. Alichuchumaa bila shida. Alipotaka kuinuka, mapaja yalikataa. Akajisukuma tena. Yakatetemeka, yakakataa. Alitafuta kitu cha kushika. Palikuwa na ukuta wa udongo ulioteleza na pazia la turubai, basi.

Alikaa hapo. Mvua ilipiga bati. Yeye, aliyenyanyua sufuria ambazo wanaume wawili walizikimbia, alishindwa kujinyanyua mwenyewe.

"Mama?" Vestine aliita kutoka nje. "Uko salama?"

"Niko salama!"

Vestine hakuondoka.

"Mama, mvua ni nyingi."

"Najua mvua ni nyingi! Ingia unipe mkono. Na usinitazame."

Vestine aliingia, akageuza uso, akamwinua. Hakusema neno. Capitoline angependa aseme, ili apate sababu ya kumgombeza. Usiku ule alijilaza na macho wazi, akiwaka. Kesho nitawaonyesha, alijiambia. Wote.

Asubuhi Vestine alipokwenda kupanga foleni ya maji, Capitoline alichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango. Hakunywa uji. Hakunyoosha hata mkono. Aliingia kwenye shamba la maharagwe lililosubiri kulimwa, akaanza kupiga ardhi. Kila pigo lilikuwa na mwenyewe. Hili la mwalimu mkuu. Hili la shirika na sheria yake. Hili la Emery. Hili la Chantal na domo lake.

Mwanzoni alijisikia msichana. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka, akaendelea. Jua likapanda, koo likakauka, akaendelea. Alilima shamba lote mpaka mwisho, kipande ambacho hata enzi za nguvu zake angekigawa kwa siku kadhaa. Kisha akarudi uani, akaona jerikani ya maji ya jana, bado imejaa. Akainama, akaivuta kwa mkono mmoja.

Kitu kikamkata kiunoni. Akaanguka kifudifudi.

Vestine aliporudi alimkuta pale, ameshika nyasi kwa ngumi mbili, anatukana jerikani.

Emery aliitwa. Alifika akitweta.

"Nani alimpa jembe?" alimwuliza mke wake.

"Nilijipa mwenyewe!" Capitoline alifoka kutoka chini. "Una macho? Shamba limelimwa!"

"Na mgongo umevunjika!"

Mgongo haukuvunjika. Lakini hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Walimlaza. Chantal alileta majani ya kukanda na ushauri mwingi zaidi ya majani. Wote walikubaliana: mgongo ukiuma ni kulala, bila kuguswa, bila kuinuka, mpaka upone wenyewe.

Siku iliyofuata Emery alirudi kutoka Misiera na ndoo ya plastiki, ya buluu, yenye kifuniko. Akaiweka kando ya kitanda.

"Hii ni nini?" Capitoline aliuliza.

"Ndoo, Mama."

"Naona ni ndoo. Ya nini?"

Emery alitazama sakafu. "Usihangaike kwenda nje. Utaitumia hapa hapa. Vestine ataimwaga."

Capitoline aliitazama ndoo, kisha mwanawe.

"Emery," alisema, "nimekupangusa weye. Sikukuzaa ili unipanguse. Toa hiyo ndoo."

"Mama, hasira hasara. Umeona jana."

"Hasara iko kwenye kiuno changu, si chako! Toa!"

Hakuitoa. Na Capitoline aliitumia. Angefanya nini? Kila mara aligeukia ukuta. Kila mara alimsikia Vestine akiibeba nje kwa hatua za polepole, mtoto mgongoni, na aibu ikamchoma kuliko kiuno. Usiku aliapa: sitafia kwenye ndoo. Wanizike na jembe, wanizike na mwiko, lakini si kwenye ndoo.

Majuma yakapita. Maumivu ya kiuno yakapungua, lakini miguu ikawa mabua. Hapo ndipo alipogundua jambo. Kiuno kilikuwa kinapona, yeye alikuwa anazidi kudhoofika. Kwa hiyo tatizo halikuwa kiuno tena. Tatizo lilikuwa kitanda.

"Emery!" aliita asubuhi moja. "Nani alikuambia nilale?"

"Kila mtu anajua, Mama. Mgongo ni kulala."

"Kila mtu ni daktari? Nipeleke kituo cha afya. Usiponipeleka, nitatambaa. Nitapita kwa tumbo mbele ya duka lako, na nitawaeleza wateja wako kuhusu ndoo."

Walimpeleka siku hiyohiyo.

Kwenye kituo cha afya walimpima, wakamgongagonga magoti, wakamwuliza kama miguu inakufa ganzi au kama mkojo unamtoka bila kujua. Alisema hapana. Wakasema hakuna mfupa uliovunjika. Misuli ilishtuka, na sasa imelala mno. Wakamwandikia aende Mbarara, hospitalini, kwa mtaalamu wa viungo.

Vestine ndiye aliyemsindikiza. Chumba cha mtaalamu kilikuwa na vyuma vya kushikilia, mipira mikubwa, na ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Mtaalamu aliitwa Kabanyana. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye raba nyekundu. Alikulia katika kambi ya polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi kama amri.

"Mama, wewe nafanya kazi gani?"

"Sina kazi. Nimestaafu."

"Mimi nauliza kazi. Hapana kuuliza mshahara. Asubuhi mpaka jioni, wewe nafanya nini?"

"Ninakaa."

"Halafu?"

"Halafu ninalala."

"Na zamani, kabla ya kustaafu?"

Capitoline akamweleza. Kuni, maji, mwiko, sufuria, mlima. Kisha kiti. Kisha jembe. Kisha kitanda. Ndoo hakuitaja. Kabanyana alipiga mluzi.

"Mama, wewe ulikuwa askari! Kila siku paredi, na wewe hapana kujua kama ni paredi. Kuinama pale jikoni, hiyo zoezi. Kubeba maji, zoezi. Kupanda mlima, zoezi. Siku walikupa kiti, wao walichukua kazi. Pamoja na kazi walichukua zoezi yote. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Wezi!"

"Hapana wezi. Watu wa heshima bila akili. Sasa sikia. Mwili ni kama jembe. Ukitumia, inang'aa. Ukiweka kwenye kona, inashika kutu. Na mwili ya mtu mzima inashika kutu haraka kuliko ya kijana. Miezi ya kukaa, misuli imeisha. Halafu siku moja wewe unatoka na kutu yako, tumbo tupu, unataka kupiga vita nzima peke yako."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira najua kushika jembe," Kabanyana alisema. "Hasira hapana kujua kuweka chini."

Capitoline alimkazia macho. Hilo nalo likamkasirisha.

"Sasa nani nakukataza kazi nyumbani?"

"Huyu," Capitoline alisema, akimwonyesha Vestine kwa kidevu.

Vestine alikuwa mtu wa sauti ndogo. Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa mbuzi. Sasa alisimama, mtoto akashtuka mgongoni.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye? Mimi ninachota maji, ninalima, ninafua, ninapika, na huyu mtoto mgongoni. Unadhani ninapenda? Ukishika ufagio, weye husemwi. Ninasemwa mimi! 'Tazama, mke wa Emery amemfanya mama mkwe kijakazi.' Siku ulipoanguka walisema nimekuua. Nimemwaga ndoo yako kila siku. Hukuniuliza hata mara moja kama ninachoka!"

Mzee mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya bega aliacha mkono wake hewani.

"Kwa nini hukusema?" Capitoline aliuliza.

"Ungesikia? Weye unaisikiliza hasira yako tu. Nyumba nzima inaisikiliza."

Neno "ndoo" lilikuwa limetoka mbele za watu, na mbingu hazikuanguka. Alimtazama mkwe wake. Aliona kwa mara ya kwanza kwamba mikono ya Vestine ilikuwa imepasuka kama yake ya zamani.

"Vizuri," Kabanyana alisema, akipiga makofi. "Wote wamepasuka, maneno imetoka. Sasa kazi."

Alimketisha Capitoline kwenye kiti kigumu. "Weka mikono kifuani. Simama. Hapana kushika!"

Capitoline alijaribu, akarudi chini kwa kishindo.

"Tena. Miguu karibu na kiti. Kichwa mbele kwanza, kama unasalimia askofu. Sasa sukuma chini kwa visigino."

Mara hii aliinuka. Alitetemeka, lakini alisimama.

"Hiyo ndiyo dawa," Kabanyana alisema. "Kusimama na kukaa. Nyumbani unafanya mara chache, unapumzika, unarudia. Mapaja yakianza kuwaka, vizuri. Acha kabla ya kuisha nguvu. Halafu shika fremu ya mlango, panda juu ya vidole vya miguu, shuka polepole. Halafu tembea, leo mpaka kwa jirani, juma lijalo mpaka mbali kidogo."

"Na kuchuchumaa?"

Kabanyana alimtazama, akaelewa. Sauti yake ikashuka.

"Mtoto wako achimbie nguzo ndani ya choo. Nguzo imara, ya kushika. Unashuka nusu, unapanda. Nusu, unapanda. Siku moja nusu itakuwa yote."

"Lini?"

"Mimi hapana nabii. Sasa jambo kubwa, sikia wote wawili. Misuli hapana kujengwa wakati wa zoezi. Zoezi inaamsha tu. Misuli inajengwa wakati wa kupumzika. Kwa hiyo leo unafanya zoezi ya nguvu, kesho unaacha, unatembea tu. Kijana anaweza kuruka hiyo siku. Wewe hapana. Na mjenzi anataka matofali. Matofali ya mwili ni maharagwe, samaki ndogo ya ndagala, yai, karanga, maziwa ukipata. Na maji. Na usingizi ya usiku, hapana kusinzia mchana kutwa."

"Nikiumwa?" Capitoline aliuliza.

"Misuli ikiuma kidogo kesho yake, ni kawaida, itaondoka. Maumivu makali kama kisu, acha. Kifua kikibana, kizunguzungu, miguu kufa ganzi, mkojo kutoka bila ruhusa, hapo hapana kungoja majirani. Kituo cha afya, siku hiyohiyo."

Waliporudi nyumbani, Emery alisikiliza yote akikuna kichwa.

"Mama yangu afanye paredi uani? Na wewe, Vestine, umwache ashike ufagio? Watu watasemaje?"

"Chimbia nguzo," Vestine alisema.

Emery alimtazama mke wake kama aliyeletewa mwanamke mwingine kutoka Mbarara. Akaenda kutafuta mti. Alichanganya udongo wa kushindilia shina la nguzo ndani ya ile ndoo ya buluu, kwa amri ya mama yake. Capitoline alisimama mlangoni akihakikisha udongo ni mzito kiasi cha kuipasua ndoo. Ilipasuka.

Usidhani mambo yalikwenda kama wimbo. Asubuhi ya kwanza Capitoline aliinuka mara chache tu kwenye kiti, akalaani. Asubuhi za kwanza alitembea mpaka kwa Chantal, akaketi huko akitweta kama mbuzi aliyefukuzwa. Na siku za kupumzika ndizo zilizomchoma zaidi. Alipoanza kupata nguvu kidogo, aliiruka siku ya kupumzika. Alifanya zoezi la nguvu leo, akafanya kesho, akafanya na keshokutwa. Siku iliyofuata mapaja yalikuwa mawe, hakuweza hata kufika mlangoni.

"Mwili wako unajenga," Vestine alimwambia, "na weye unawafukuza wajenzi."

"Nani amekufundisha kunijibu?"

"Weye, Mama."

Capitoline alitaka kukasirika. Kicheko kikamponyoka kupitia puani.

Walipanga upya siku yao. Asubuhi Capitoline alifagia uani na kupalilia kidogo bustani ya mchicha, baada ya kutembea kwanza ili mwili upate joto. Vestine akapata nafasi ya kumnyonyesha mtoto akiwa ameketi, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Mchana Capitoline alichambua maharagwe na kumwangalia mtoto. Akisinzia, Vestine aligonga sufuria kwa kijiko. Jioni walikula ugali na ndagala, na usingizi ukaanza kurudi, kwanza nusu ya usiku, kisha usiku wote.

Chantal alipomwona na ufagio, alishika kichwa.

"Yoo! Vestine! Unamufanyisha mama mukwe kazi? Bantu batasema nini?"

Vestine aliinama. Ile hofu ya zamani ilikuwa haijamtoka. Lakini Capitoline aliegemeza ufagio ukutani, akamsogelea jirani yake.

"Watu, Chantal? Watu gani? Niambie majina yao. Nilipokuwa chooni siwezi kuinuka, hao watu walikuja kunivuta?"

"Hapana, mama, mimi ninasema tu..."

"Walikuja kumwaga ndoo? Mkwe wangu ndiye aliyemwaga. Akisemwa tena kisimani, nitakuja kisimani. Sasa ninaweza kutembea mpaka huko. Waambie hivyo, hao watu. Na weye mwenyewe, kaa kwenye hicho kiti, uinuke bila kushika mikono yake."

"Mimi?"

"Weye. Mikono kifuani. Salimia askofu."

Chantal alicheka, akajaribu. Akarudi chini puu. Hakuwa hata na miaka hamsini. Hakucheka tena. Baada ya hapo alikuja asubuhi nyingi, lakini si kwa ajili ya kusema. Alikuja kufanya mazoezi, akilalamika kila mara.

Mvua zikapita. Maharagwe yakakomaa, yakang'olewa, yakaanikwa uani juu ya turubai. Siku ya kuyapura, familia nzima ilikuwa nje. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Ziwa Nakivale, na Emery alikuwa na haraka. Capitoline alifunga kitenge vizuri, akatembea kuzunguka nyumba mpaka mwili ukapata joto, akanyoosha mgongo. Kisha akachukua fimbo.

Alipiga. Maganda yalipasuka, maharagwe yakaruka. Alipiga kwa mdundo, akipumua, akibadilisha mikono. Chantal alipiga upande wa pili, Vestine akapepeta. Mashavu ya Capitoline yaling'aa kwa jasho. Wakati mdundo umekolea, na kila mtu akidhani ndiyo kwanza anaanza, aliweka fimbo chini.

"Mama?" Emery aliuliza haraka. "Umechoka? Nilijua! Nilisema asishike fimbo! Vestine, lete..."

"Nyamaza," Capitoline alisema. "Sijachoka. Ndiyo maana ninaacha."

Akamkabidhi fimbo.

"Shika. Weye ndiye kijana hapa. Na inama kwa magoti, si kwa mgongo, usije ukanunuliwa ndoo."

Vestine alicheka mpaka ungo ukatikisika. Emery alianza kupiga, vibaya, huku Chantal akimhesabia makosa.

Capitoline alikunywa kikombe cha maji, akapangusa uso. Kisha akaenda chooni nyuma ya nyumba, peke yake, bila haraka. Hakuna aliyemfuata.